Mpelelezi wa Sindano na Gundi

Mnamo Desemba 2001, ndani ya chumba cha benki mjini Sarajevo, mkarabati wa vitabu kutoka Stuttgart, Andrea Pataki, alikaa mbele ya kitabu kilichokwisha kunusurika mara nyingi. Hagada ya Sarajevo, kitabu ambacho Wayahudi husoma mezani usiku wa Pasaka yao, kiliandikwa Uhispania katikati ya karne ya 14. Mwaka 1609 padri mkaguzi alitia saini yake ndani na kukiacha kipite, katika zama ambazo vitabu vya Kiyahudi vilikuwa vikichomwa. Mwaka 1894 kiliuzwa kwa makumbusho ya Sarajevo. Mwaka 1942 mkutubi Mwislamu, Derviš Korkut, alikitorosha kisiangukie mikononi mwa Wanazi, na mji ulipozingirwa katika vita vya miaka ya 1990 kikaokolewa tena. Kurasa zake zina madoa ya divai. Hakikuwa kitabu cha kufungiwa kabatini. Watu walikula wakiwa nacho mezani.

Chumbani humo alikuwamo Geraldine Brooks, aliyewahi kuripoti vita hivyo, akitazama mikono ya mkarabati. Mwaka 2008 alitoa riwaya ya People of the Book. Mhusika wake mkuu, Hanna Heath, anakuta ndani ya kitabu hicho kipande cha ubawa wa mdudu, unywele mweupe, doa la divai na chembe za chumvi, kisha riwaya inarudi nyuma karne baada ya karne kueleza kila kimoja kilifikaje pale. Ni riwaya ya upelelezi, ingawa hakuna polisi anayebisha hodi.

Mwaka mmoja baadaye Mmarekani Kate Carlisle alitoa Homicide in Hardcover, kitabu cha kwanza cha mfululizo ambao sasa umepita riwaya 15. Mpelelezi wake ni Brooklyn Wainwright, mjalidi na mkarabati wa vitabu adimu wa San Francisco. Vitabu vya Brooks husifiwa na wahakiki. Vya Carlisle huuzwa kwa bei nafuu, vikiwa na majalada ya rangi za kupendeza, na husomwa na watu waliochoka baada ya kazi. Nimevisoma vya wote wawili kwa makini yaleyale, na nadhani vya Carlisle vinastahili kutafakariwa zaidi ya vinavyotafakariwa. Vimebeba swali gumu bila kulitangaza: kitu kilichovunjika kikitengenezwa, jeraha lake liende wapi?

Kwanza tuielewe aina yenyewe. Kuna riwaya za upelelezi zilizojaa damu, risasi na wanaume wenye kinyongo, na kuna hizi za faraja, zilizoandikwa ili msomaji alale salama. Katika hizi mauaji hutokea, lakini hayatokei mbele ya macho yetu. Mpelelezi si askari wala mtu wa kulipwa. Ni mpishi, mkutubi, mfugaji wa nyuki, bibi mfumaji wa sweta. Jamii ni ndogo na watu wanajuana. Chakula ni kingi. Mwishoni muuaji hujulikana, naye huwa ana sababu inayoeleweka na binadamu: wivu, deni, aibu, urithi. Mama wa ukoo huu ni Bi Marple wa Agatha Christie, aliyetokea katika riwaya nzima kwa mara ya kwanza mwaka 1930, na hata tuzo ambazo Wamarekani wamekuwa wakiwapa waandishi wa aina hii tangu 1989 zina jina la Agatha.

Brooklyn anaingia katika ukoo huo na vifaa vyake. Amekulia Dharma, jumuiya ya watu walioacha mji wakaenda kulima mizabibu katika wilaya ya Sonoma, chini ya kiongozi wa kiroho anayeitwa Guru Bob. Wazazi wake walikuwa wafuasi wa bendi ya Grateful Dead. Anapenda chokoleti na divai. Katika riwaya ya kwanza, mwalimu wake wa ujalidi, Abraham Karastovsky, anauawa katika maktaba usiku wa kuamkia maonyesho, akiwa kazini juu ya nakala ya Faust ya Goethe inayosemwa ina laana. Brooklyn ndiye anayemkuta akikata roho, na Derek Stone, Mwingereza wa mambo ya usalama ambaye baadaye atampenda, anaanza kwa kumshuku. Kila riwaya inayofuata imejengwa kando ya kitabu kimoja: maandishi yanayohusishwa na Robert Burns katika maonyesho ya vitabu ya Edinburgh, kisha Oliver Twist, The Secret Garden, Little Women, na vingine. Kitabu kinafika mezani kikiwa kimechakaa. Punde kuna maiti.

Mtu anaweza kuona ni mbinu tu ya kibiashara: mwingine ana duka la keki, huyu ana meza ya kujalidi. Mimi sioni hivyo. Kazi ya mpishi haimfundishi kupeleleza. Kazi ya mkarabati ni upelelezi tangu asubuhi hadi jioni, na historia inayo mifano ambayo mtunzi yeyote angeionea wivu.

Mwaka 1934 vijana wawili wa biashara ya vitabu vya kale London, John Carter na Graham Pollard, walitoa kitabu chenye jina la kinyenyekevu mno, uchunguzi kuhusu aina fulani za vijitabu vya karne ya 19. Walichokichunguza kilikuwa vijitabu vyembamba vya washairi wakubwa, kila kimoja kikidai kuwa chapisho la kwanza kabisa, kabla ya lile lijulikanalo. Maarufu kuliko vyote kilikuwa kijitabu cha soneti za Elizabeth Barrett Browning, chenye maandishi kwamba kilipigwa chapa Reading mwaka 1847. Wakusanyaji walikuwa wamekilipia fedha nyingi. Kisa chake kilikuwa kitamu: mke anamtilia mume mashairi ya mapenzi mfukoni kwa aibu, mume anayasoma na kuguswa moyo.

Carter na Pollard hawakushindana na kisa. Waliiuliza karatasi. Karatasi ya Uingereza ya mwaka 1847 ilitengenezwa kwa matambara. Nyasi za esparto zilianza kutumika humo mwaka 1861, na mbao zilizolainishwa kwa kemikali hazikuingia mpaka baada ya 1874. Kijitabu cha 1847 kilikuwa na mbao ndani yake. Kisha waliziuliza herufi. Herufi f na j zilikuwa za umbo ambalo mpiga chapa mmoja wa London, Clay, alianza kulitumia baada ya 1880. Hapo hakuna hoja ya kifasihi iliyobaki. Uzi wote ulielekea kwa mtu mmoja, Thomas J. Wise, mkusanyaji aliyeheshimiwa kuliko wote nchini, mwandishi wa orodha ambazo wengine walizitumia kuthibitisha uhalisi wa vitabu vyao. Wise alikuwa hai bado. Alikufa mwaka 1937 bila kukiri.

Kisa kina sehemu ya pili, na hii inanigusa zaidi kama msomaji wa Brooklyn Wainwright. Mwaka 1959 David Foxon alionyesha kwamba Wise alikuwa pia mwizi wa karatasi. Nakala zake za tamthilia za kale zilipopungukiwa kurasa, alizing'oa zilizokosekana kutoka nakala za Jumba la Makumbusho la Uingereza na kuzipachika katika zake. Zaidi ya karatasi 200 zilipotea hivyo. Zilijulikana kwa sababu karatasi haisahau ilikotoka. Doa lililopenya kurasa tano linaishia ghafla kwenye ya sita. Tundu la mdudu linaruka ukurasa kisha linaendelea. Mpasuko wa ukingoni haukutani na jirani yake. Mwizi alikuwa mjuzi wa vitabu, na bado hakuweza kuyalazimisha madoa yakubali uongo wake.

Hizi ndizo habari ambazo mkarabati huzisoma kabla hajagusa sindano. Analifungua jalada na kuhesabu vikunjo vya karatasi, anaangalia uzi kama ni wa kitani cha zamani au wa juzi, anaiinua karatasi kwenye mwanga atafute alama ya kiwanda, ananusa gundi. Anajua ngozi iliyogeuka unga mwekundu imekaa katika hewa ya moshi wa viwanda. Anajua aliyekijalidi kitabu mara ya mwisho alikuwa na haraka. Mtu wa namna hii akikuta maiti karibu na kitabu, ana tabia tayari ya kuuliza nani ameshika nini na kwa mkono gani. Carlisle anapomwacha Brooklyn mezani kwake, akikwangua gundi kuukuu mgongoni mwa kitabu, akigundua karatasi iliyofichwa chini ya bitana ya jalada, riwaya hupumua vizuri. Anapomtoa mezani na kumkimbiza kwenye magari na karamu, hupungua nguvu. Laiti angeiamini meza zaidi.

Lakini kuna kesi ya kweli ambayo lazima iwekwe mbele ya riwaya hizi, kwa sababu inazihoji. Mark Hofmann alikuwa mfanyabiashara wa nyaraka Salt Lake City. Kwa miaka kadhaa aliuza barua zinazohusu asili ya Kanisa la Wamormoni, nyingine za kuliaibisha, na kanisa lenyewe lilikuwa miongoni mwa wanunuzi. Alikuwa akizighushi mwenyewe. Madeni yalipombana na ahadi za nyaraka ambazo hazipo zilipokaribia kufichuka, mnamo 15 Oktoba 1985 alitega mabomu mawili yaliyoua watu wawili. Kesho yake bomu la tatu lilimlipukia mwenyewe garini. Wachunguzi waliziweka nyaraka chini ya hadubini wakaona kwamba wino wake, wino wa chuma kama wa zamani, ulikuwa umepasuka nyufa ndogondogo kama ngozi ya mamba. Wino uliozeeka polepole haupasuki hivyo. Ule wa Hofmann ulikuwa umezeeshwa kwa nguvu. Mwaka 1987 alikiri makosa na kufungwa maisha.

Nyufa zile ni ushahidi ambao Brooklyn angeupenda. Tofauti ni kwamba Salt Lake City wafu hawakuwa fumbo la kupitisha jioni. Watoto walibaki bila mzazi. Basi je, ni haki kuandika mauaji yanayosomwa kwa chai na biskuti? Nimelichukulia swali hili kwa uzito kwa muda mrefu, na jibu langu halilingani kwa riwaya zote. Zipo riwaya za faraja ambazo maiti ni kama kadi ya mwaliko: ukishaingia sherehe, unaitupa. Hizo zinanichosha. Homicide in Hardcover si mojawapo. Abraham anaombolezwa. Brooklyn ndiye anayeajiriwa kuimaliza kazi ya Faust aliyoiacha mwalimu wake, kwa hiyo msiba wake una mahali pa kukaa: anashika vifaa, anafuata hatua alizofundishwa, anakutana na maamuzi ya mkono wa marehemu katika kila mshono. Mwanafunzi anamsoma mwalimu wake kwa mara ya mwisho. Katika riwaya zilizofuata maiti wameongezeka na huzuni imepungua, jambo ambalo huenda ni adhabu ya mfululizo wowote mrefu. Mtu mmoja hawezi kuwalilia wote.

Laana ile ya Faust inanirudisha kwa mpelelezi tuliyemjua kwa Kiswahili kabla ya Brooklyn kuzaliwa katika kichwa cha mtunzi wake. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alishinda shindano la uandishi la 1957-58 kwa Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya iliyochapwa mwaka 1960, na humo akamtambulisha Bwana Msa mwenye kiko. Bwana Msa naye si askari. Ana rafiki yake Najum, ana utulivu wake, ana mazungumzo marefu ambamo kila mtu anaachwa aseme mpaka ajifunge mwenyewe. Maiti imekutwa kwenye mzimu, na watu wako tayari kabisa kuwasingizia wahenga walio chini ya ardhi. Bwana Msa hawatukani kwa imani yao. Anachofanya ni kuonyesha kwamba mkono uliofanya kazi ile ulikuwa na vidole vitano.

Carlisle anafanya jambo lilelile na kitabu chake chenye laana. Waliokimiliki wamekufa vibaya, wanasema watu, kwa hiyo kitabu kinaua. Mkarabati hawezi kuliamini hilo kwa sababu amekifumua kitabu na kuona kilicho ndani: uzi, ubao, ngozi, gundi ya unga. Kitabu hakijamgusa mtu. Kuna mtu aliyekitaka, au aliyeogopa kilichofichwa ndani yake, au aliyejificha nyuma ya uvumi. Riwaya za upelelezi za Unguja na za California zinakutana hapa, katika kuiondoa hatia juu ya vitu na kuirudisha kwa watu. Abdulla aliifanya kazi hiyo kwa ustadi mkubwa zaidi wa lugha, nami ningependa kila msomaji wa Kiswahili anayefurahia vitabu hivi vya Kimarekani ajue kwamba tulikuwa na vyetu mapema, na kwamba bado ni vitamu.

Sasa nirudi kwenye jeraha. Mto Arno ulipofurika Florence tarehe 4 Novemba 1966, matope na mafuta mazito yaliingia katika maghala ya Maktaba Kuu ya Taifa. Wajalidi walikuja kutoka nchi nyingi. Miongoni mwa Waingereza walikuwamo Peter Waters na Roger Powell, yule aliyekijalidi upya Kitabu cha Kells mwaka 1953. Kwa miaka mingi walisafisha, walikausha, walishona. Na katika kazi ile waligundua kwamba sehemu ya madhara haikuletwa na mto. Ililetwa na watengenezaji waliowatangulia, waliopaka gundi nyingi, waliopunguza kingo ili kitabu kikae sawa rafuni, waliotupa majalada ya asili na kuweka mapya ya fahari. Vitabu vilivyojalidiwa kwa ngozi laini ya ndama, bila ubao na kwa gundi kidogo sana, vilikuwa vimestahimili maji kuliko ndugu zao wenye mavazi ya gharama, na Christopher Clarkson, aliyekuwa miongoni mwa waliofanya kazi huko, aliandika juu yavyo kwa upendo.

Kutoka katika matope yale ulitiwa nguvu msimamo ambao sasa wakarabati wote wazuri wanaushika. Usifanye lisiloweza kufumuliwa. Tumia gundi ya wanga itakayoyeyuka kwa maji mwenzako wa karne ijayo akitaka kurekebisha. Ukijaza pengo la ukurasa kwa karatasi nyembamba ya Kijapani, mwenye jicho aweze kuona wapi pa kale pameishia na wapi mkono wako umeanza. Usilifute doa la divai; ni la wenyewe. Andika kila ulichokifanya.

Ahadi ya riwaya za faraja inakwenda kinyume na hayo. Riwaya hizi huahidi kwamba ukurasa wa mwisho ukifika, mji utakuwa kama ulivyokuwa. Muuaji kaondolewa, mikate inaokwa, wapenzi wamekumbatiana. Ni ukarabati wa mtindo wa zamani, wenye kingo zilizopunguzwa na jalada jipya. Na hapo ndipo uamuzi wa kumweka mkarabati kuwa mpelelezi unapokuwa na maana kubwa kuliko labda mtunzi alivyokusudia, kwani mwanamke huyu anajua kwa mikono yake kwamba hakuna kitu kinachorudi kama kilivyokuwa. Riwaya inasema mambo yamekwisha. Ufundi wake unasema yameshonwa, na mshono unaonekana. Ninapomsoma, nasikiliza sauti hizi mbili zikibishana, na faraja ninayoipata haitoki kwenye kukamatwa kwa mtu. Inatoka kwenye kurasa ambazo fundi anachukua kitu kilichodharauliwa, anakaa nacho siku nyingi, na kukifanya kiweze kufunguliwa tena bila kuchanika. Msomaji aliyechoka anastahili faraja ya namna hiyo, na haimdanganyi.

Natamani mwandishi wetu mmoja aandike riwaya ya mkarabati mpelelezi kwa Kiswahili. Malighafi iko. Huko Siyu, kisiwani Pate, katika karne za 18 na 19, waandishi walinakili misahafu kwa wino mweusi, mwekundu na wa manjano, wakaipamba kwa mafundo na maua, juu ya karatasi zilizovuka bahari kutoka Italia. Misahafu mingi ya pwani haina tarehe, na wachunguzi huikadiria umri kwa kuinua ukurasa kwenye mwanga na kutafuta miezi mitatu michanga, alama ya wenye viwanda waliouza karatasi katika nchi za Kiislamu. Lamu, katika Msikiti wa Riyadha, maandiko ya zamani yamepigwa picha za kidijitali ili yasomeke hata nakala zikizidi kuliwa na chumvi na mchwa. Mengi yaliwekwa wakfu: mwenye kitabu aliandika ndani kwamba ni cha wanafunzi, kisiuzwe wala kisirithiwe.

Fikiria basi mkarabati wa Kiswahili, mtu mzima mwenye miwani, aliyejifunza kujalidi kwa babu yake. Analetewa msahafu na muungwana wa mjini anayesema ameurithi na anataka uonekane vizuri kabla ya kwenda kwa mnunuzi ng'ambo. Msahafu hauna ukurasa wa wakfu. Muungwana anasema haukuwahi kuwa nao. Mkarabati haulizi zaidi. Anajua kila karatasi katika kikunjo imekunjwa na mwenzake, ya mwanzo na ya mwisho zikiwa kipande kimoja kilichopita chini ya uzi, na kwamba mtu akiikata moja kwa wembe, ile iliyo upande wa pili wa mshono hubaki bila wa kuishikilia. Anauvuta polepole ukurasa wa upande huo. Unatoka mkononi mwake mzima, na ukingo wake wa ndani ni mweupe, haujapata vumbi.

Hapo sura ya kwanza imekwisha.